Jino limemeguka: jinsi ya kujua kama ni la leo leo au linaweza kungoja

Mtu akinipigia simu kuhusu jino lililomeguka, jambo la kwanza ananiambia ni jinsi linavyomuuma. Mimi namuuliza mengine: katikati ya pale palipovunjika pana rangi gani, na jino linatikisika? Maumivu ni shahidi asiyeaminika. Jino lililobanduka ncha kidogo tu linaweza kukutoa machozi ukivuta hewa ya baridi, na jino ambalo kiini chake (nyama laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu) kinakufa likakaa kimya wiki nzima. Kwa hiyo maumivu nimeyaweka mbali kidogo katika orodha hii.

Hatua ya 1: Kichwa na taya kabla ya jino

Ikiwa chanzo ni kuanguka, ajali au kipigo, angalia kwanza kama mtu alizimia, anatapika, amechanganyikiwa, ana usingizi usio wa kawaida, au mboni za macho hazilingani. Dalili moja tu kati ya hizo inatosha kumpeleka hospitali, na jino litasubiri. Kisha mwambie akutanishe meno taratibu. Kama hayakutani yalivyokuwa yakikutana zamani, au mdomo haufunguki vizuri, huenda taya limevunjika. Hiyo nayo ni ya hospitali.

Damu ya mdomo au fizi: kunja shashi safi, bana dakika 15 bila kuchungulia. Ikiendelea kutiririka baada ya hapo, nendeni hospitali.

Hatua ya 2: Kipande kiko wapi?

Ukikipata, kiweke kwenye maziwa au maji kisikauke, uende nacho. Kipande cha jino la mbele mara nyingi kinaweza kugandishwa mahali pake, na hakuna kijazo kinacholingana na jino lenyewe kwa rangi.

Usipokipata, usidhani tu kwamba kilidondoka. Kama mdomo umechanika, kinaweza kuwa kimezama ndani ya nyama ya mdomo na jeraha likashonwa juu yake. Mwambie anayeshona apige picha ya eksirei kwanza. Kikimezwa, kwa kawaida hupita chenyewe. Anayekohoa mfululizo au kutoa sauti ya mluzi anapopumua huenda amekivuta kwenye njia ya hewa, na huyo ni wa dharura.

(Jino zima likitoka na mzizi wake, mambo ni mengine kabisa. Kama ni la kudumu, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, lisuuze kwa sekunde chache, lirudishe kwenye tundu lake, mgonjwa ang'ate kitambaa, na muwe mbele ya daktari ndani ya nusu saa ikiwezekana. Likishindikana kurudi, litie kwenye maziwa, si maji. Jino la utotoni halirudishwi.)

Hatua ya 3: Soma rangi ya palipovunjika

Hapa ndipo watu wanapopotea, basi twende polepole. Achana na kioo: kinapata mvuke, na mkono wako mwenyewe unakuzibia mwanga. Mtu mwingine awashe tochi ya simu na akupige picha ya karibu, mbili au tatu. Kabla ya hapo sukutua kwa maji ya vuguvugu, kisha futa jino kwa shashi. Pamba siitaki, kwa sababu nyuzi zake zinanasa kwenye ncha kali.

Ukiona weupe mtupu, limebanduka gamba la nje, enameli, ambalo halina neva. Hilo si la haraka. Ukiona umanjano katikati umezungukwa na weupe, dentini, tabaka lililo chini ya enameli, imefunuka. Ina vijia vidogo vinavyoelekea kwenye kiini, ndiyo maana baridi inachoma, na bakteria nao wanaweza kupita humo. Lifunikwe ndani ya siku moja au mbili. Ukiona nukta ya waridi au nyekundu katikati, hicho ni kiini chenyewe kiko wazi. Nenda leo.

Sasa tahadhari, kwa maana rangi hudanganya.

Damu ya ufizi huteremka na kukaa juu ya jino, mtu akaona wekundu akaogopa bure, au akajua ni ya fizi kumbe siyo. Bana ufizi kwa shashi, futa palipovunjika pakauke, hesabu polepole hadi 20 huku ukitazama. Wekundu ukichipuka upya kutoka katikati ya jino, ni kiini. Ukiteremka kutoka pembeni, ni ufizi. Usichokoe kwa kijiti wala pini ili kuhakikisha. Unaweza kukitoboa kiini kilichokuwa kimebakiwa na ukuta mwembamba. Na ukiona uwaridi unaong'aa kwa ndani bila damu, huo ndio ukuta mwembamba wenyewe: mgonjwa mhesabu kuwa wa leo.

Magego yana fumbo lake. Kilichodondoka kinaweza kuwa kijazo cha zamani, na shimo la kahawia au jeusi linaonyesha kuwa jino lilikuwa limeoza kabla ya kuvunjika. Kama ufa unazama chini ya ufizi na huoni mwisho wake, usingoje zaidi ya kesho. Kuna pia ufa usioonekana kabisa: ukitafuna hakuna kitu, ukiachia ndipo unachomwa. Huo tochi haiuoni. Muone daktari wiki hiyo hiyo, na utafunie upande wa pili.

Jino lililokwisha tibiwa mzizi, yaani lililoondolewa kiini, linaweza lisiume hata likipasuka katikati, kwa hiyo ukimya wake si habari njema.

Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9 aliyevunja jino jipya la mbele, mimi sina mjadala: kama umanjano au wekundu unaonekana, ni leo. Ncha ya mzizi wake bado iko wazi, na kiini kikiokolewa kikiwa hai mzizi utaendelea kukua.

Hatua ya 4: Litikise

Kwa kidole, taratibu, ukilinganisha na la jirani. Linalocheza, lililosogea au lililorefuka ni la leo, hata kama limemeguka kidogo.

Hatua ya 5: Sasa yasikilize maumivu

Baridi inayochoma ikaisha ndani ya sekunde chache ni ya dentini. Maumivu yanayobaki zaidi ya nusu dakika, yanayoamshwa na kitu cha moto, au yanayokutoa usingizini yanaonyesha kiini kimevimba. Nenda leo au kesho. Na jino lililouma vibaya likanyamaza ghafla bila tiba halijapona.

Uvimbe wa shavu au chini ya kidevu pamoja na homa, shida ya kumeza au kupumua, au ulimi unaoinuliwa juu na uvimbe: hospitali, hata usiku wa manane.

Hatua ya 6: Wakati unangoja

Ncha kali ifunike kwa nta ya meno ya waya au chingamu isiyo na sukari. Parasetamoli inatosha wengi. Aspirini usiiweke kwenye ufizi, inaunguza, na mtoto usimpe kabisa. Gundi ya dukani hapana, hata kama kipande kinakaa sawasawa. Mafuta ya karafuu nayakataa kwa jino lililovunjika: yanaweza kuzuia kijazo kushika vizuri baadaye.

Jeraha likiwa na udongo, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Hatua ya 7: Rudi ukaguliwe

Kiini kinaweza kufa miezi kadhaa baada ya jino kuzibwa vizuri. Kama kiini hakikuwa wazi, ukaguzi wa kawaida ni baada ya wiki 6 hadi 8, kisha baada ya mwaka 1. Jino likigeuka kijivu, au kipele cha usaha kikijitokeza kwenye ufizi juu yake, usiingojee tarehe hiyo.