Soksi za sufu kwa watoto wa nyanda za baridi: kufumua sweta la mtumba, kutia rangi na kufuma

Kipupwe cha Dar es Salaam hakimfundishi mtu chochote kuhusu baridi. Makete na Njombe, kuanzia Juni hadi Agosti, kuna asubuhi ambazo sakitu, yaani umande ulioganda, imelala juu ya majani na mtoto anakwenda shule kwa miguu. Anayefuma Dar kwa ajili ya mtoto huyo hajawahi kumpima mguu, wala hatakuwepo soksi zikifuliwa. Zitafuliwa kwenye beseni kwa sabuni ya mche, zitaanikwa jikoni karibu na moto wa kuni, na huenda mdogo wake akazirithi. Aina ya uzi, rangi na kipimo vichaguliwe kwa kufikiria hayo kwanza, ladha yako baadaye.

Ndiyo maana tunasisitiza sufu. Nyuzi nyingi zinazouzwa Kariakoo kwa kufumia sweta ni akriliki. Ni laini, zina rangi nzuri na hazichuji, lakini zikisogea karibu na moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Sufu huungua polepole, aghalabu hujizima yenyewe ukiiondoa motoni, na hata ikilowa bado inatunza joto. Kasoro yake ni kwamba Dar ni vigumu kuipata ikiwa mpya, na ikipatikana bei yake haisemeki. Njia ya uhakika ni mtumba.

Kuchagua sweta

Nenda Karume, Tandika au Manzese, utafute kwenye lundo la sweta nzito. Soma lebo ya ndani: sufu huandikwa wool, laine au lana kutegemea nchi lilikotoka. Lebo ikiwa imekatwa, omba kuchomoa kiuzi kimoja cha sentimita tatu ukakichome nyumbani, kabla hujanunua sweta nyingine kama hilo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu. Pamba hunuka kama karatasi na jivu lake ni laini, la kijivu.

Sasa geuza sweta ndani nje, uangalie mshono wa ubavuni. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi wa ovaloki, liache: kila mstari umekatwa ubavuni, kwa hiyo utapata vipande vya nusu mita badala ya uzi mmoja mrefu. Unalolitaka ni lile ambalo kila upande ulifumwa kwa umbo lake, kingo zake ni nzima, na pande zimeunganishwa kwa uzi unaofanana na mnyororo. Livute pia kwa mikono miwili. Kama halinyooki na mishono haionekani vizuri, lilishafuliwa kwa maji ya moto, nyuzi zimeshikamana na hazitafumuka.

Kabla halijakaa na nguo nyingine, lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na uliweke kwenye friza wiki nzima. Nondo hupenda sufu, na mayai yao ni madogo mno, hayaonekani kwa urahisi.

Kufumua

Kata uzi wa mnyororo wa ubavuni, mabegani na mikononi, utenganishe vipande. Anza kufumua kutoka shingoni kushuka chini, kwa sababu vipande vingi hufumwa kuanzia chini kwenda juu na uzi hutoka kwa urahisi pale ufumaji ulipoishia. Ukianza chini utapambana na mafundo bure.

Uzi unaotoka uzungushie mgongo wa kiti. Usitengeneze donge, kwa kuwa donge haliwezi kufuliwa wala kutiwa rangi sawasawa. Ukipata kama gramu 100, funga shada hilo, yaani kitanzi cha uzi uliouzungushia kiti, sehemu nne kwa vipande vya uzi wa pamba, kwa kulegeza. Ukikaza, sehemu iliyofungwa itabaki na doa jeupe. Loweka shada kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya maji, lisuuze bila kulisugua, kisha litundike kivulini huku chupa ya nusu lita yenye maji ikining'inia kwa chini. Uzito huo hunyoosha mikunjo. Uzi uliofumwa ukiwa bado umejikunja hutoa soksi inayobadilika kipimo siku ya kwanza ya kufuliwa.

Kama uzi ni mwembamba mno, tumia nyuzi mbili kwa pamoja.

Rangi

Sweta jeupe, la krimu au la kijivu hafifu ndilo linalopokea rangi. Kuna njia mbili zinazofaa mazingira yetu.

Ya kwanza ni maganda ya vitunguu. Wauza vitunguu wa Ilala au Buguruni huyafagia na kuyatupa, kwa hiyo kiroba kizima hupatikana kwa kuomba tu. Kwa gramu 100 za uzi mkavu unahitaji gramu 100 za maganda makavu na gramu 12 za shabu, ile mawe meupe ya kung'aa inayouzwa na wauza dawa za asili na viungo. Shabu ndiyo inayoishikisha rangi kwenye sufu. Isage, iyeyushe kwenye kikombe cha maji ya moto, kisha uimimine kwenye sufuria yenye lita 4 za maji. Tumbukiza shada lililokwisha kulowekwa nusu saa. Pasha polepole mpaka maji yatoe mvuke na vipovu vidogo pembeni, na uyashikilie hapo saa moja bila kutokota. Zima moto, acha vipoe vyenyewe, hata usiku kucha. Usizidishe shabu kwa kudhani rangi itakolea. Ikizidi, uzi hunata mikononi na kukwaruza.

Wakati huo chemsha maganda kwenye sufuria nyingine kwa saa moja, uyachuje yote. Kipande cha ganda kikibaki kitaacha doa. Maji ya maganda yakiwa vuguvugu kama uzi wenyewe, tumbukiza shada, pasha tena kwa kiwango kilekile kwa dakika 45 hadi saa moja, kisha acha lipoe humo humo. Vitunguu vyetu vyekundu hutoa rangi ya dhahabu iliyokolea, na mara nyingine kahawia inayoelekea kijani. Ukitumbukiza nusu tu ya shada kwa dakika 20 za mwanzo, kisha lote, utapata soksi yenye mabaka mazuri ya rangi mbili.

Maji yana neno lake hapa. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na vingine vina kutu. Chuma kidogo tu huifanya rangi ya vitunguu kuwa nyeusinyeusi. Tumia maji ya bomba au ya mvua, na sufuria ya stili. Sufuria ya chuma iliyoanza kutu usiiguse. Iliyotumika kwa shabu isirudi kupika ugali.

Njia ya pili ni rangi ya chakula ya unga. Rangi hizi hushika sufu zikipata tindikali na joto. Kwa gramu 100 za uzi tia vijiko 4 vya mezani vya siki nyeupe kwenye lita 3 za maji, weka nusu kijiko cha chai cha rangi iliyoyeyushwa pembeni, tumbukiza uzi uliolowa, na upashe taratibu kwa dakika 30 bila kutokota. Rangi ikiingia yote, maji hubaki meupe. Yakibaki na rangi, ongeza kijiko kimoja cha siki na dakika 15. Njia hii haifanyi kazi kwa pamba wala akriliki.

Usitumie rangi za batiki kwenye sufu. Huchanganywa na magadi au soda kali (caustic soda), na vitu hivyo hula sufu: uzi hulainika, huchakaa, na makali yakizidi huyeyuka kabisa. Manjano hutoa njano ya kuvutia, lakini jua huimaliza upesi. Choya ndiyo hudanganya kuliko zote, kwani zambarau yake hubadilika ikikutana na sabuni ya mche. Mtoto asipewe rangi itakayomwaibisha wiki ya pili.

Kosa kubwa katika hatua nzima ya rangi ni haraka. Sufu haiogopi moto wa polepole, inaogopa kushtuliwa. Ukiitoa kwenye maji ya moto na kuitia kwenye ya baridi, au ukiikoroga kwa mwiko wakati imepata joto, nyuzi hushikamana na shada lote huwa kama kipande cha zulia. Hakuna dawa ya hilo.

Shada likikauka, lowesha kitambaa cheupe kwa maji ya sabuni ya mche, ulisugue nacho kwa dakika moja. Kitambaa kikipata rangi, suuza tena na tena. Kikiendelea, uzi huo usitumike kwa soksi.

Sindano

Sindano fupi zenye ncha pande mbili ni adimu madukani. Vijiti vya mianzi vya mishikaki vinatosha kabisa, na vina faida mjini kwetu penye jasho: mishono haitelezi kama kwenye chuma. Panga vijiti 10 bega kwa bega, upime upana kwa rula. Vikijaza milimita 30, kila kimoja ni milimita 3. Kata vitano kwa urefu wa sentimita 18, chonga ncha za pande zote mbili bila kuzifanya kali sana, piga msasa laini kwa urefu wa kijiti mpaka uzi wa pamba ukipita usinase, kisha pakaza mshumaa na ufute. Vinne ni vya kazi, cha tano ni akiba.

Kufuma

Kipimo hiki ni cha mguu wa sentimita 17, yaani mtoto wa miaka 5 hivi. Uzi wa gramu 50 hadi 60 hutosha jozi. Fuma kwanza kipande cha mishono 30 kwa mistari 30, kifue, kikaushe, na upime: mishono 24 kwa sentimita 10 ndiyo tunayoitafuta. Ukipata 26, anza na mishono 40 badala ya 36, na ubadilishe hesabu zote za kisigino.

Mshono wa mbele ni ule unaoacha umbo la V upande unaokutazama, na wa nyuma ni ule unaoacha kinundu.

Anzisha mishono 36 juu ya vijiti viwili vilivyoshikwa pamoja, kisha chomoa kimoja. Mwanzo uliokaza ndio sababu ya kwanza ya soksi kutupwa, kwa kuwa kisigino cha mtoto hakipiti. Gawa 12 kwa kila kijiti, unganisha duara bila kupinda, na ufume 2 mbele, 2 nyuma kwa sentimita 12. Usibadili kuwa mshono wa mbele mtupu katikati ya shingo ya soksi. Mistari hii ndiyo inayoshika mguu bila mpira. Pale kijiti kimoja kinapokutana na kingine, kaza mshono wa pili, la sivyo patatokea ngazi ya matundu.

Kisigino hufumwa kwa mishono 18, kwenda na kurudi, mistari 18. Upande wa nje: hamisha mshono mmoja bila kuufuma, fuma mmoja mbele, rudia. Upande wa ndani: hamisha wa kwanza, mingine yote nyuma. Kitambaa kinakuwa kinene, na ndicho kinachohimili kiatu.

Kugeuza kisigino:
1. Fuma 10 mbele, unganisha 2 kwa kupitia nyuma yake, fuma 1, geuza.
2. Hamisha 1, fuma 3 nyuma, unganisha 2 kwa mshono wa nyuma, fuma 1 nyuma, geuza.
3. Hamisha 1, fuma 4 mbele, unganisha 2, moja kila upande wa pengo, fuma 1, geuza.
4. Hamisha 1, fuma 5 nyuma, unganisha 2 za pengo, fuma 1, geuza.
5 na 6. Vivyo hivyo, ukiongeza mshono mmoja wa katikati kila mstari: 6, kisha 7.
7. Hamisha 1, fuma 8 mbele, unganisha 2 za mwisho, geuza.
8. Hamisha 1, fuma 8 nyuma, unganisha 2 za mwisho, geuza. Imebaki mishono 10.

Fuma hiyo 10, okota 9 kwenye ukingo wa kisigino na 1 kwenye kona, fuma 18 ya juu ya mguu, okota 1 kwenye kona na 9 upande wa pili. Jumla 48. Mshono wa kona ndio unaoziba lile tundu linalojulikana na kila mfumaji. Katika mzunguko unaofuata, ufume mshono huo wa kona kwa kupitia nyuma ili ujisokote. Kuanzia hapo nyayo ni mshono wa mbele mtupu. Mzunguko mmoja punguza mshono mmoja kila upande wa nyayo, unaofuata usipunguze, mpaka irudi 36.

Endelea hadi sentimita 13 kutoka nyuma ya kisigino. Kwa vidole, punguza mishono 4 kila mzunguko wa pili mara 4, kisha kila mzunguko mara 3. Ikibaki 8, kata uzi, upitishe ndani yake kwa sindano butu, vuta na ufiche ncha kwa ndani. Fundo chini ya kidole huchubua.

Kutuma

Uliza kwanza shule au zahanati inayopokea ina watoto wa umri gani. Soksi 40 za kipimo kimoja hazisaidii darasa lenye miguu mbalimbali. Kwa vichanga vya hospitali zetu za Dar, sufu ya kutiwa rangi nyumbani haifai, kwa sababu nguo za wodini hufuliwa kwa maji ya moto. Huko fuma kofia za pamba au akriliki laini, mishono 72, zisizo na vifungo, riboni wala nyuzi zilizolegea ndani zinazoweza kunasa vidole, na zungumza na muuguzi mkuu wa wodi kabla ya kupeleka.

Mzigo wa Nyanda za Juu ukipakiwa Mbezi mwezi Mei, hufika kabla baridi haijakaza. Funga kila jozi kwa kuipitishia uzi mmoja shingoni, andika urefu wa mguu kwa sentimita, na uweke maelezo kwa Kiswahili: fua kwa maji ya baridi, kamua kwa kubana bila kusokota, laza zikauke mbali na moto. Tia pia kidonge cha mita 5 za uzi uleule, ili kisigino kikitoboka mtu awe na cha kuzibia.