Kupandisha SQL Server kutoka Express hadi Standard bila kusakinisha upya

Mara nyingi tatizo hujitokeza hivi: programu ya mauzo au ya uhasibu inakataa kuhifadhi ankara mpya, ilhali jana ilikuwa sawa. Ukifungua logi ya SQL Server, programu ya Microsoft ya kuhifadhi data, unakuta kosa 1827 na pamoja nalo 1105. Faili za data zimefika MB 10,240, na hapo ndipo Express, daraja la bure la SQL Server, inapogota. Logi ya miamala haihesabiwi katika kikomo hicho, kwa hiyo kuipunguza hakutafungua nafasi hata kidogo.

Kabla ya kulipa, hakikisha ni kikomo kipi kinachokubana. Express ya 2016 hadi 2022 ina vitatu: GB 10 kwa kila hifadhidata, MB 1,410 za RAM ya kushikilia data, na prosesa moja au kori nne, chochote kilicho kidogo. Kama shida ni ukubwa peke yake, Express ya 2025 inabeba GB 50 bila malipo, na huenda ikakutosha kwa miaka. Lakini kama ripoti zinajikokota kwa sababu data haienei kwenye RAM, au unataka kazi zijiendeshe usiku kupitia SQL Server Agent (huduma ya kuendesha kazi kwa ratiba), basi Standard ndiyo jibu.

Hapa tunaita Express, Standard na Enterprise madaraja, na 2019 au 2022 matoleo. Tofauti hii ina maana kubwa wakati wa kununua: kupandisha daraja kunahitaji diski ya usakinishaji na ufunguo wa toleo lile lile ulilonalo. Ufunguo wa Standard 2022 hautapandisha Express 2019.

Hesabu ya leseni

Setup, yaani programu ya usakinishaji, haihesabu leseni. Itakubali ufunguo hata kama umelipia nusu ya unachotumia, na upungufu huo utaonekana siku ya ukaguzi. Ndiyo maana hesabu hufanywa kwanza.

Standard hulipiwa kwa njia mbili. Kwa njia ya kori, unahesabu kori zote za seva halisi, kila prosesa ikihesabiwa angalau kori nne, na leseni huuzwa mbili mbili. Seva yenye prosesa mbili za kori nane kila moja inahitaji leseni za kori 16, yaani pakiti nane. Kwa njia ya pili unanunua leseni moja ya seva, kisha CAL (leseni ya kufikia seva) kwa kila mtu au kila kifaa kinachofikia data. Watu 30 wanaopitia programu moja inayotumia akaunti moja ya SQL bado wanahitaji CAL 30. Kupita katikati ya programu nyingine hakupunguzi idadi. Kama kompyuta moja inatumiwa na watu watatu kwa zamu, CAL ya kifaa ni nafuu zaidi. CAL iwe ya toleo la seva au jipya zaidi. Na kuanzia toleo la 2022, kulipia mashine pepe moja moja kunahitaji Software Assurance (mkataba wa Microsoft wa matunzo unaolipiwa) au leseni ya usajili.

Siku ya kazi

1. Chukua nakala rudufu za hifadhidata zote, pamoja na master na msdb, ambazo ni za mfumo wenyewe. Rejesha hifadhidata ya programu yako kwenye mashine nyingine uione ikifunguka.

2. Andika hali ilivyo sasa:

`SELECT @@SERVERNAME, SERVERPROPERTY('Edition'), SERVERPROPERTY('ProductVersion');`

3. Watoe watumiaji wote, kisha washa Windows upya. Usiruke hatua hii. Sasisho la Windows linalosubiri kuwashwa upya ndilo sababu ya kawaida ya Setup kukwama kwenye ukaguzi wa awali.

4. Fungua setup.exe, nenda "Maintenance", kisha "Edition Upgrade". Diski za leseni za jumla huwa na ufunguo ndani tayari. Ukiuhitaji, uko kwenye faili DefaultSetup.ini ndani ya folda x64.

5. Chagua instansi (SQL Server iliyosakinishwa kwenye mashine), kwa kawaida SQLEXPRESS, uendelee hadi mwisho. Huduma itazimwa na kuwashwa tena.

Anayependelea mstari wa amri atumie:

`Setup.exe /Q /ACTION=EditionUpgrade /INSTANCENAME=SQLEXPRESS /PID=UFUNGUO /IACCEPTSQLSERVERLICENSETERMS`

Ikishindikana, soma Summary.txt ndani ya "Setup Bootstrap\Log", chini ya folda 150 kwa toleo la 2019 au 160 kwa la 2022. Ikifaulu, rudia swali la hatua ya pili: daraja liwe Standard, nambari ya toleo isiwe imeshuka.

Jina la instansi litabaki SQLEXPRESS. Liache hivyo. Programu zako zote zinaunganika kwa jina hilo, na halibani chochote.

Mipangilio iliyobaki ya Express

Hapa ndipo wengi huishia njiani, kisha wakalalamika kwamba wamelipa na kasi ni ile ile. Ufunguo hubadilisha daraja, lakini mipangilio mingi hubaki kama Express ilivyoiacha.

Anza na AUTO_CLOSE. Hifadhidata zilizoundwa kwenye Express huwa nayo imewashwa, kwa hiyo mtumiaji wa mwisho akitoka hifadhidata hufungwa, RAM yake ikaachiliwa, na anayefuata husubiri ifunguliwe upya. Izime kwa kila moja, ukiweka jina la hifadhidata yako badala ya Mauzo:

`ALTER DATABASE Mauzo SET AUTO_CLOSE OFF;`

Kisha RAM. Kikomo cha Express kimeondoka, na "max server memory", mpangilio wa kikomo cha RAM ya SQL Server, kwa kawaida haijawekwa, hivyo SQL Server itajaza mashine hadi Windows ianze kuhema. Kwenye seva ya GB 32 isiyo na kazi nyingine, MB 26,624 ni mwanzo mzuri.

Kwenye mashine pepe, angalia prosesa zilivyopangwa. Standard ya 2022 hutumia prosesa nne au kori 24, chochote kilicho kidogo. Mashine iliyopewa prosesa nane za kori moja moja itatumia nne tu, nyingine zikae bure. Ipange iwe prosesa moja ya kori nane.

Mwisho, SQL Server Agent bado imezimwa. Iwashe kupitia SQL Server Configuration Manager, si dirisha la huduma za Windows, maana Configuration Manager huipa akaunti ruhusa zinazohitajika. Ikigoma, soma SQLAGENT.OUT, mara nyingi akaunti yake haina jukumu la sysadmin, yaani la msimamizi mkuu. Ikishawaka, kazi ya kwanza kuipa ni nakala rudufu za kila usiku, zikibanwa kwa WITH COMPRESSION, jambo ambalo Express haikuweza.

Kurudi Express hakuna njia ya mkato: ni kuondoa na kusakinisha upya. Na hifadhidata ikishapita kikomo cha Express, haitakubali kurejeshwa huko hata kwa nakala rudufu. Kwa hiyo hifadhi ile nakala ya hatua ya kwanza mpaka programu imepita angalau ufungaji mmoja wa hesabu za mwezi.