Tovuti Yako Ikishuka Kwenye Google, Anza na Ukurasa Mmoja

Asubuhi moja ya Machi 2024, nikiwa nyumbani Katuba hapa Lubumbashi, nilifungua takwimu za tovuti yangu ya mapishi nikakuta wageni wamepungua zaidi ya nusu. Nilidhani tovuti imeharibika, kumbe ilikuwa nzima. Google ilikuwa imeanza kubadili namna inavyopanga majibu tarehe 5 mwezi ule, na kazi hiyo haikwisha hadi tarehe 19 Aprili. Katikati ya siku hizo nilibadili vichwa vya kurasa, nikafuta kurasa nyingine, nikaweka tarehe mpya kwenye maandishi ya zamani. Yote hayakunisaidia, na yalinifanya nishindwe kujua kilichonishusha ni kipi.

Kwa hiyo kwanza kabisa, ndugu yangu, usiguse kitu. Mabadiliko makubwa ya aina hii Google huyatangaza yanapoanza na yanapokwisha. Subiri yaishe, kisha ongeza wiki nzima.

Baada ya hapo ingia Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha jinsi tovuti yako inavyotokea kwenye majibu yake. Ni bure, unachotakiwa ni kuthibitisha tu kwamba tovuti ni yako, na inatunza takwimu za miezi 16. Chukua wiki moja ya baada ya mabadiliko, uilinganishe na wiki moja ya kabla hayajaanza, halafu panga kurasa kwa tofauti ya mibofyo. Ukurasa uliotoka nafasi ya 2 hadi ya 4 uache ulivyo. Uliotoka nafasi ya 4 hadi ya 29 ndio wenye kesi. Ukiona nafasi haijasogea na bado mibofyo imepungua, tafuta maneno yale mwenyewe kwenye simu uone: huenda jibu limekwisha kuwekwa juu, mtu hana tena sababu ya kubofya.

Angalia na majira. Ukurasa wangu wa uyoga wa porini hushuka kila kiangazi, maana huku kwetu uyoga ni wa mvua. Ule ninaulinganisha na mwezi uleule wa mwaka uliopita.

Sasa kazi yenyewe. Ukurasa wangu ulioanguka vibaya zaidi ulikuwa wa sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo. Niliusoma kwa sauti mezani, nikaona aibu. Ulianza hivi: “Sombe ni chakula kitamu chenye virutubisho vingi kinachopendwa na watu wengi.” Sentensi hiyo anaweza kuiandika mtu ambaye hajawahi kushika mchi. Chini yake zilifuata aya sita nilizozikusanya kwenye tovuti nyingine na kuzigeuza maneno. Hakuna mahali nilipomwambia msomaji achemshe muda gani, wala atajuaje kwamba imeiva.

Nikaenda sokoni, nikanunua majani kwa mama mmoja anayetwanga mwenyewe, nikamwomba anieleze huku nikiandika. Nikarudi nyumbani, nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, nikaweka saa. Mara hii niliandika kwamba majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi, kwa hiyo hutwangwa vizuri kisha huchemshwa sana, na mimi siweki mawese wala karanga kabla harufu ya ubichi haijatoka. Kwangu ilichukua saa moja na nusu, na mara mbili ilinibidi kuongeza makaa. Nikapiga picha tatu: majani yakiwa kijani kibichi, yakiwa yamefifia, na sufuria ikiwa mezani pamoja na bukari, yaani ugali. Anwani ya ukurasa sikuibadilisha, ili waliokuwa wameihifadhi wasiipoteze.

Hivyo ndivyo unavyotengeneza ukurasa: jiulize msomaji akifika hapa anataka kufanya nini, na wewe umeona nini kwa macho yako ambacho wengine hawajamwambia. Urefu usikusumbue, Google yenyewe inasema haina idadi ya maneno inayoipendelea. Tarehe nayo usiibadilishe kama maandishi hayajabadilika.

Nilikuwa pia na kurasa arobaini zilizotungwa na programu kwa siku mbili, za vyakula nisivyowahi kupika. Hizo nimeziondoa. Mabadiliko ya Machi 2024 yalikuja na kanuni dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu zipate nafasi, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Lakini kufuta kuwe njia ya mwisho. Ukurasa unaoweza kuuokoa, uokoe.

Na mtu akikuletea ofa ya kukununulia linki mia tano, yaani viungo kwenye tovuti nyingine vinavyoelekeza kwako ili upande, mkatalie. Mimi niliombwa dola kwa kazi hiyo wakati nina wasiwasi mwingi, na nilikaribia kutoa. Google inaupiga vita mchezo huo kwa miaka mingi, na Aprili 2012 iliwashusha wengi wenye nao kwa mabadiliko yaliyoitwa Penguin.

Kila ukurasa ukiumaliza, andika tarehe kwenye daftari pamoja na ulichobadili, kisha uuache. Usiuchungulie kila siku, mega za intaneti zitakwisha bure na nafasi haitasogea kwa kuchunguliwa. Mengine hayaonekani mpaka mabadiliko makubwa mengine yapite. Wangu wa sombe ulianza kupanda baada ya miezi mitano. Wa uyoga nimekwisha kuuandika upya, nasubiri mvua zianze nipige picha.