Jinsi ya Kusoma Kibali cha Tanuri la Kuteketezea Taka

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu anayeombwa maoni kabla tanuri la kisasa halijapewa kibali, au anayeishi jirani na lililokwisha kupewa. Wengi huanza kwa kutazama dohani. Nashauri waanze na makaratasi, kwa sababu dioksini, kemikali zenye sumu kali zinazotokana na uchomaji, hazionekani kwa macho, na wingu jeupe linalotoka juu aghalabu ni mvuke wa maji.

Hatua ya kwanza: soma aina za taka zilizoruhusiwa. Kibali kinachotaja "taka mchanganyiko" bila aina wala kiasi hakimbani mwendeshaji.

Hatua ya pili: tafuta joto na muda. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka gesi zibaki kwenye nyuzi 850 za Selsiasi au zaidi kwa angalau sekunde 2 baada ya hewa ya mwisho kuingizwa. Taka hatari zenye zaidi ya asilimia 1 ya halojeni za kikaboni (kemikali zenye klorini na elementi za jamii yake), zikihesabiwa kama klorini, zinahitaji nyuzi 1,100. Namba hizo peke yake ni maneno matupu iwapo kibali hakidai mfumo unaozuia wenyewe taka mpya kuingia joto linaposhuka, pamoja na vichomeo vya akiba vya kulipandisha, kwani uchafuzi huongezeka hasa wakati wa kuwasha na kuzima tanuri. Kifungu hiki ndicho ningekisoma mara mbili.

Hatua ya tatu: fuata gesi hadi mwisho. Dioksini zilizovunjwa tanurini huweza kujiunda upya gesi zinapopoa kati ya takriban nyuzi 450 na 200, hivyo ni lazima zipozwe upesi. Kisha chokaa huondoa asidi, kaboni amilifu (mkaa maalumu wenye vitundu vingi) hunasa dioksini na zebaki, na mifuko ya kuchujia hukamata vumbi. Agizo la Ulaya la mwaka 2010 liliweka kikomo cha dioksini na furani, kemikali za jamii hiyo hiyo, kuwa nanogramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo.

Hatua ya nne: uliza majivu yanapelekwa wapi.

Maswali ya wanachama

Swali: Tanuri likijengwa, dampo litafungwa?
Jibu: La. Ujazo wa taka hupungua kwa takriban asilimia 90, lakini majivu ya chini hubaki kama robo au moja ya tano ya uzito, na yale yanayonaswa kwenye vichujio kwa kawaida ni taka hatari.

Swali: Kuchoma taka kwenye pipa kunatofautianaje?
Jibu: Joto halifiki kiwango kinachotakiwa na hakuna kichujio. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, wa kimataifa kuhusu kemikali za sumu zinazodumu katika mazingira, unautaja uchomaji wa wazi miongoni mwa vyanzo vya dioksini.

Swali: Mwendeshaji akiijua mapema siku ya kupimwa dioksini, si atachoma taka safi?
Jibu: Anaweza, maana agizo la Ulaya la mwaka 2010 linadai vipimo visivyopungua viwili tu kwa mwaka, baada ya mwaka wa kwanza ambao vipimo hufanywa kila miezi mitatu. Dai kifaa kinachochukua sampuli kwa wiki kadhaa mfululizo, na uombe rekodi za monoksidi ya kaboni, ambayo hupimwa bila kukoma na hupanda uchomaji unapokuwa hafifu.