Mbao za paini Dar: zikaushe kwanza, ndipo uzichonge

Pita kwa wauza mbao wa Buguruni au kwa maseremala wa Keko, utaisikia paini (ndiyo msonobari wa vitabuni) ikisemwa kila ubaya: laini, inapinda, mchwa wanaipenda, rangi haikai. Lawama nyingi kati ya hizo ni za maji, si za mti. Paini nyingi inayouzwa Dar inatoka Nyanda za Juu Kusini, hasa Mufindi na Njombe. Inapasuliwa na vile vimashine vya kuhamahama vinavyoitwa dingdong, inapakiwa ikiwa mbichi, inasafiri zaidi ya kilomita 500 na kushushwa ikiwa bado nzito. Mbao mbichi ya paini inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na wa mti mkavu, au hata zaidi. Maji hayo yatatoka tu, utake usitake. Yasipotokea kwenye rundo la kuanikia, yatatokea kwenye kabati lako, na hapo kinachopinda ni kabati.

Hatua zifuatazo zinafuata kazi moja ndogo, shelfu ya ukutani ya mbao za moja kwa nane, yaani inchi 1 kwa 8. Kwa kitanda, meza au fremu, utaratibu ni uleule.

Hatua ya 1: Kuchagua dukani

Nenda na futi kamba. Moja kwa nane ya dingdong mara nyingi haitimii inchi, na unene wake unaweza kutofautiana kati ya kichwa kimoja na kingine. Pima sehemu tatu: kichwani, katikati, mkiani. Tofauti ikizidi milimita 3, randa itakula mbao nyingi kabla hujapata uso ulionyooka.

Kisha tazama kichwa cha mbao, pale msumeno ulipokata. Ukiona kitone cha kiini cha mti katikati ya mbao, iache. Mbao yenye kiini hujikunja kama parafujo ikikauka, hata ukiianika vizuri namna gani. Tazama na mistari ya ukuaji: ikiachana sana, zaidi ya milimita 6 hivi, mti ulivunwa ukiwa mchanga na mbao yake ni nyepesi na dhaifu. Itafaa kwa boksi, si kwa shelfu ya vitabu.

Vifundo vidogo vilivyoshikamana na mbao havina shida. Kifundo cheusi chenye duara la gome kukizunguka kitang'oka siku moja na kukuachia tundu. Michirizi ya rangi ya bluu au kijivu ni ukungu ulioingia mbao ikiwa na maji. Nguvu ya mbao haipungui kwa kiasi cha kuogopesha, ila bluu hiyo haitoki kwa msasa. Mbao hiyo ipangie kazi ya kupakwa rangi nzito, usiipangie vanishi. Na ukiambiwa "hii kavu kabisa bosi", inyanyue kichwa kimoja, kisha nyanyua nyingine ya kipimo hichohicho. Iliyo nyepesi ndiyo kavu.

Nunua urefu wa ziada, kama sentimita 15 kwa kila kichwa. Vichwa hupasuka wakati wa kukauka, na sehemu hiyo utaikata.

Hatua ya 2: Kuanika

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na kosa la kawaida ni lile linaloonekana kama akili: kuegemeza mbao ukutani juani. Jua la Dar hukausha uso wa juu kabla ya ndani, uso unasinyaa ilhali moyo bado umevimba, na mbao inapasuka au kukunjwa kama kigae. Mbao inataka upepo na kivuli.

1. Panga tofali za saruji mbilimbili kwenda juu ili rundo likae kama sentimita 40 kutoka ardhini. Chini ya hapo unyevu wa udongo unapanda, na mchwa nao wanapata njia.
2. Acha sentimita 50 kati ya nguzo moja ya tofali na nyingine, na hakikisha vichwa vyake viko usawa mmoja. Mbao hukauka kwa umbo ulilozilaza nalo: ukizilaza zikiwa zimebonyea, zitabaki zimebonyea.
3. Laza safu ya kwanza ukiacha upenyo wa vidole viwili kati ya mbao na mbao.
4. Juu yake weka vijiti vya inchi 1 kwa 1, vikavu, vikikingama juu ya kila nguzo ya tofali. Kijiti kibichi huacha alama ya ukungu kwenye mbao.
5. Endelea safu kwa safu. Kila kijiti kikae juu kabisa ya kile cha chini yake. Kikihama hata kwa kiganja kimoja, uzito wa juu unabonyeza mbao mahali pasipo na kitu cha kuishika.
6. Paka vichwa vya mbao rangi yoyote ya mafuta iliyobaki nyumbani, mipako miwili. Maji hutoka upesi sana vichwani, na mpako huo unapunguza mpasuko.
7. Funika juu kwa bati lililozidi rundo pande zote, kisha lemea kwa tofali. Pembeni acha wazi. Kulifunga rundo zima kwa turubai ni sawa na kulipika kwa mvuke, na baada ya wiki utakuta ukungu.

Kwa mbao ya inchi 1, kuanzia Juni hadi Septemba wakati wa kipupwe na upepo wa kusi, hesabu wiki nne hadi nane. Masika muda huo unaongezeka sana. Mbao za inchi 2 huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Hakuna njia ya mkato isipokuwa tanuru la kukaushia.

Hatua ya 3: Kupima, si kukisia

Unahitaji mizani ya jikoni inayosoma gramu na oveni. Kata mbao moja ya majaribio, angalau sentimita 30 kutoka kichwani, uchukue kipande cha upana mzima chenye urefu wa sentimita 2.5. Kipime papo hapo. Kisha kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 100 hivi, ukikitoa na kukipima kila baada ya saa moja, hadi uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100.

Mfano: kipande cha gramu 118 kikishuka hadi 58, maji ni gramu 60. Sitini kwa 58 ni asilimia 103, mbao mbichi kabisa. Kipande cha gramu 67 kikishuka hadi 58, ni asilimia 15.5. Hapo anza kazi. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, na mbao iliyo ndani ya nyumba isiyo na kiyoyozi hutulia karibu na asilimia 15, kwa hiyo usihangaike kuishusha zaidi. Chumba chenye kiyoyozi muda wote ni habari nyingine: mbao itasinyaa zaidi kidogo, basi ikalishe humo wiki mbili kabla ya kuichonga.

Kwa nini uchungu wote huu? Mbao ya upana wa milimita 200, ikitoka ubichini hadi asilimia 15, hupungua upana kwa kama milimita 6. Mlango wa kabati uliobana vizuri siku ya kukabidhiwa utakuwa na mwanya unaoonekana wazi.

Hatua ya 4: Kukata na kufunga

Kata vichwa vilivyopasuka, kisha piga randa. Randa ikikwaruza na kung'oa nyuzi karibu na kifundo, geuza mbao uje kutoka upande wa pili. Utomvu ukiganda kwenye meno ya msumeno, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ukinata mikononi, anza na mafuta ya kupikia, ndipo sabuni.

Paini hupasuka kirahisi ukipigilia karibu na kichwa. Kwa skrubu ya milimita 4, toboa kwanza kwa keke ya milimita 2.5 hadi 3, na usikaribie kichwa kwa chini ya sentimita 2.5. Kama ni misumari na huna drili, geuza msumari, ugonge ncha yake kwa nyundo mara mbili ipate ubutu. Ncha kali hutenganisha nyuzi na kupasua, ncha butu huzikata.

Shelfu ya vitabu ya unene wa milimita 22 iwe na mhimili kila sentimita 60. Ukifikisha sentimita 90 itabonyea, taratibu, hadi mwaka unaofuata ndipo utaona.

Hatua ya 5: Utomvu, msasa na rangi

Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, ukifuata nyuzi. Pale penye utomvu, kwangua kwa kisu na ufute kwa tina (kiyeyushi cha rangi). Mbao iliyoanikwa kwa hewa bado ina utomvu laini ndani, kwa sababu haikupata joto la kuugandisha. Mlango unaopigwa na jua la alasiri utatoa machozi ya njano hata kama mbao ni kavu kabisa.

Dawa ni kuziba vifundo kabla ya rangi: mipako miwili ya vanishi ya shelaki, au rangi ya chini yenye alumini, kwenye kila kifundo na sentimita 2 kukizunguka. Rangi ya maji peke yake haizuii kitu. Baada ya miezi michache kila kifundo kitajionyesha kama doa la chai kwenye kanzu.

Ukitaka kuipa paini rangi ya mninga kwa kupaka rangi ya mbao, anza na sandingi sila (mpako wa kwanza wa kuziba vinyweleo vya mbao) iliyochanganywa na tina nusu kwa nusu. Bila hiyo, sehemu laini hunywa rangi nyingi na ngumu hukataa, ikawa na madoa kama chui. Pakaa nyuma na chini pia, pale pasipoonekana. Mbao iliyofungwa upande mmoja tu hunyonya unyevu kwa upande wa pili na kujipinda.

Mchwa, na mbao za dawa

Paini isiyo na dawa haifai kugusa udongo. Kwa kenchi na nguzo za bustani watu hununua mbao za dawa, zile za rangi ya kijani, zilizosindiliwa dawa ya shaba, kromu na aseniki kwa mgandamizo. Lakini ukijani unaweza kupakwa tu. Omba mbao moja ikatwe, sentimita 30 au zaidi kutoka kichwani, maana kichwani dawa huingia kirahisi kuliko mahali pengine. Mbao iliyosindiliwa huonyesha ukijani ulioingia ndani, sehemu yote ya nje ya mti, ingawa moyo unaweza kubaki bila ukijani. Iliyochovywa kwenye maji ya rangi huonyesha ngozi nyembamba kama kucha, na ndani mbao ni ileile ya kila siku. Muuzaji akikataa kukata, umeshapata jibu.

Kila unapoikata mbao ya dawa unafungua sehemu isiyo na kinga. Pakaa dawa kwenye mkato, na mkato huo uelekee juu, usiingie udongoni. Tumia misumari na skrubu za mabati. Vaa barakoa unapokata. Mabaki yake usiyachome wala kuyapeleka jikoni: aseniki hubaki kwenye majivu na mengine hupanda na moshi.

Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi huisifu, hukaa juu juu, inanuka, inazuia rangi isishike, na ikigusa udongo wa mboga umeharibu tuta. Ndani ya nyumba isiingie kabisa.

Maranda bustanini

Maranda ya paini yasiyo na dawa ni matandiko mazuri ya kuku, na pia yanafunika udongo vizuri. Kosa ni kuyachimbia kwenye tuta yakiwa mabichi. Vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni yote iliyo karibu, na mchicha wako unageuka njano ndani ya wiki mbili hadi tatu. Yatandaze juu ya udongo tu, unene wa sentimita 5, mbali na shina kwa kiganja. Au changanya ndoo moja ya maranda na ndoo moja ya samadi ya kuku, lowesha, pindua kila wiki, na usiyatumie kabla ya miezi mitatu. Usiyarundike kwenye ukuta wa nyumba, utakuwa umewaandalia mchwa karamu.

Huo mti wako ni paini kweli?

Miti mingi inayoitwa paini uani Dar si paini. Ile ya ufukweni yenye majani kama nyuzi ni mvinje: shika unyuzi mmoja uuvute, utaachia kwa pingili ndogondogo kama miwa midogo. Ule wa matawi yaliyopangika ghorofa kwa ghorofa, unaopambwa Krismasi, ni araukaria. Paini halisi ina sindano zinazotoka kwa vifungu, mara nyingi tatu tatu kutoka kwenye ala moja. Aina inayopandwa sana Mufindi, patula, asili yake ni milima ya Meksiko na inataka baridi, kwa hiyo mche wake ukiuleta Mbezi utadumaa. Kama lazima upande paini pwani, tafuta aina ya karibea, inayovumilia joto la mabondeni, na uipande mbali na nyumba na shimo la choo, angalau mita 10.