Espreso ya kusukuma kwa mkono: jikoni Mtwara, njiani na gesti

Kabla hujamtumia hela mtu wa Kariakoo akuchukulie kimashine cha espreso cha mkononi, jibu kwanza swali hili: maji ya moto utayatoa wapi? Mengine yote yanafuata hapo. Mwenye ofisi Shangani na birika la umeme mezani ana jibu lake. Mimi napima ubora wa korosho. Minada ikianza Oktoba nahamia barabarani, Tandahimba, Newala, Masasi, ghala hadi ghala, na maji yangu ya moto yanatoka kwenye chupa ya chai au sufuria ya mama lishe. Kwa hiyo maelekezo haya yana upendeleo wa mtu wa safari. Wa nyumbani nitamgusa pia, ila yeye kazi yake nyepesi.

Tuelewane kwanza tunatafuta nini. Espreso ni maji ya nyuzijoto 90 hadi 96 yanayosukumwa kupita kwenye kahawa iliyosagwa laini, kwa shinikizo la bar 9 hivi, ndani ya nusu dakika. Lile povu la rangi ya dhahabu juu yake, krema, lilianza kuonekana miaka ya 1940, Achille Gaggia wa Milan alipoleta mashine ya mkono wa springi badala ya kutegemea mvuke mtupu. Kwa kipimo hicho moka, birika la pembe nane la Bialetti la tangu 1933, si espreso. Linasukuma kwa bar 1 au 2 tu. AeroPress, lile bomba la plastiki la kukandamiza kahawa kwa mkono lililotoka 2005, haifiki hata hapo. Zote mbili zinatoa kahawa nzuri. Tena kama wewe ni mtu wa nyumbani, una mtungi wa gesi na husafiri, nunua moka, bei yake nafuu na haina vifaa vya kuharibika zaidi ya mpira wake. Unaweza kuishia kusoma hapa.

Waliobaki tuna njia mbili. Ya kwanza ni vya kusukuma kwa mkono, kama Nanopresso na Picopresso za Wacaco. Nanopresso inachukua gramu 8 za kahawa na mililita 80 za maji. Picopresso inachukua maji yaleyale lakini kahawa gramu 18, na haina huruma na mtu aliyesaga ovyo. Njia ya pili ni vya betri, kama Outin Nano, vinavyosukuma vyenyewe na kuchemsha maji vyenyewe. Hivyo vinavutia sana dukani. Lakini kuchemsha maji kunakula umeme kuliko kazi nyingine zote ndogo ndogo unazozijua, kwa hiyo ukianza na maji baridi betri inakupa vikombe vichache tu, kisha unatafuta soketi. Ukivipa maji ambayo tayari ni ya moto vinadumu sana. Sasa kama maji ya moto unayo, pampu ya mkono ina kosa gani? Mimi niko upande wa mkono. Na namba ya bar 18 au 20 iliyoandikwa kwenye boksi isikutie wazimu, huo ni uwezo wa juu kabisa wa pampu, hauna uhusiano na utamu wa kikombe.

Hela kubwa iweke kwenye kinu

Hapa ndipo watu wengi hubana matumizi mahali pasipostahili. Mashine ya bei mbaya yenye kahawa iliyosagwa ovyo itakupa maji ya moto yenye rangi. Unahitaji kinu cha mkono chenye meno ya chuma, kile cha kuzungusha, chenye kurekebishika kwa hatua ndogo ndogo. Blenda ya jikoni inakata, haisagi. Inakuachia vumbi na mawe kwenye chombo kimoja. Kahawa ya kutwanga nayo, ile ya sokoni yenye tangawizi na iliki, imetengenezwa kwa ajili ya dele: inachemshwa, inatulia, machicha yanabaki chini. Ukiiweka kwenye kimashine, vumbi linaziba kichujio upande mmoja, maji yanatafuta upenyo upande wa pili, na unapata uchachu na uchungu katika funda moja.

Kiasi cha ulaini kijue kwa vidole. Saga kidogo, sugua kati ya dole gumba na cha shahada: iwe laini kuliko sukari, lakini usiufikie unga wa ngano. Kuanzia hapo unarekebisha kwa hatua moja moja, na ukishapata usawa wa kahawa hiyo, weka alama kwa kalamu ya rangi kwenye kinu.

Nunua pia mizani ndogo ya mfukoni, ile wanayotumia masonara. Mimi kazini nina mizani ya sampuli, maana kujua korosho kunaanza na kukata kilo moja, kutenga kiini kizima na kibovu na kupima. Ila hiyo haiingii jikoni, wala kisu chake. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, sembuse ulimi.

Buni ya Mbinga ndiyo naipenda kwa kazi hii. Ni arabika ya milimani, ina utamu wake, haihitaji kukaangwa hadi iwe mkaa. Kwa sisi wa Mtwara njia yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanashuka kutoka wilaya hiyohiyo ya Mbinga hadi bandarini kwetu, kupitia Songea, Tunduru na Masasi. Zoeana na dereva mmoja mwaminifu, akirudi mwambie akuletee kilo mbili. Ikija mbichi, kaanga kwenye kikaango kizito, moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha. Utasikia mlio wa kupasuka. Mlio wa kwanza ukiisha subiri dakika moja au mbili zaidi, ipua, ipepete ipoe haraka. Halafu vumilia. Kahawa iliyokaangwa jana imejaa gesi, kwenye espreso inatoka povu tupu. Iache wiki nzima kwenye chombo kinachofungwa sawasawa, na huku pwani usawasawa huo uangalie mara mbili. Unyevu wa bahari unaingia popote.

Kikombe chenyewe

Chemsha maji mengi kuliko unayohitaji. Kimashine cha mkono hakina moto wake, na kikiwa baridi kinanyonya joto la maji kabla hayajaifikia kahawa. Jaza tangi maji yaliyochemka, funga bila kuweka kahawa, sukuma yote yapite hadi kikombeni. Sasa mashine imepata joto na kikombe kimepata joto. Mwaga. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, halafu wanalalamika kahawa ina uchachu.

Gramu 8, kipimo cha Nanopresso, uwe umeshazipima na kuzisaga. Mimina unga kwenye kichujio, gonga ubavuni mara mbili tatu usawazike, kandamiza kwa kijiko chake hadi uso ulale. Nguvu si muhimu, usawa ndio muhimu. Ukilala upande, maji yatapita upande. Pitisha kidole kwenye ukingo na kwenye uzi wa kufungia. Chembe chache zikibaki pale, mashine haifungi vizuri na maji yanavuja kwenye vidole vyako, tena ya moto.

Jaza maji mapya yaliyochemka hadi kwenye mstari, funga, elekeza mdomo kikombeni. Sukuma taratibu hadi tone la kwanza lichungulie, kisha acha. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo, unga unalowana wote. Endelea kwa mwendo uleule bila kukata. Itaanza kudondoka nyeusi, nzito. Halafu inakuwa uzi mwembamba wa hudhurungi. Uzi ukianza kupauka ondoa kikombe, hata kama tangini kuna maji. Yale yaliyobaki ni uchungu mtupu, yamwage. Kwa gramu 8 mimi nakata kikombe kikiwa na gramu 20 hivi.

Mkono ndio geji yako. Pampu ikigoma, kiganja kinauma na matone yanakuja kwa kuombwa, umesaga laini mno. Ikienda kirahisi na kikombe kimejaa kabla hujakaa sawa, umesaga nene. Ladha nayo inasema: uchachu unaokunja uso maana yake maji yalikuwa ya uvuguvugu au kusaga ni kunene, uchungu unaobaki kooni maana yake umesaga laini mno, umesukuma hadi mwisho, au kahawa imeungua. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilichoponya.

Suala la maji, kwa sisi wa huku, si dogo. Visima vingi vya pwani vina chumvi chumvi, na espreso inaifichua chumvi hiyo kuliko chai ya maziwa. Tumia ya chupa au ya bomba yaliyochemshwa na kutulia. Juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida na watu wanakinga ya mvua kwenye matangi, utakuta kinyume chake: maji laini mno, kahawa inatoka imepooza. Changanya nusu kwa nusu na ya chupa, utaona tofauti. Na kwa kuwa Newala iko juu zaidi ya mita 600, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 98 hivi, kwa hiyo usingoje yapoe. Yakichemka, mimina.

Njiani

Ndani ya basi linalotembea, hapana. Najua utashawishika, kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550 na usingizi unakuja. Lakini maji ya moto, tuta la ghafla na mapaja ya jirani havipatani. Subiri basi lisimame, Nangurukuru au Somanga. Kituo cha kuchimba dawa hakitoshi, konda anapiga kofi bodi kabla hujafungua mfuniko. Kituo cha chakula kinatosha.

Kahawa isage usiku wa kuamkia safari, gawanya gramu nane nane kwenye vikopo vidogo vyenye vifuniko. Inapoteza harufu kidogo, ndiyo, lakini kuzungusha kinu kwenye siti ni adha kwa wenzako. Maji ya chupa ya chai uliyojaza alfajiri, kufika mchana yameshashuka chini ya 90. Ninavyofanya mimi: namwendea mama lishe, namsalimia, naagiza chapati, namwomba kikombe cha maji yanayochemka jikoni. Sijawahi kunyimwa. Yale ya chupa nayatumia kupasha mashine, ya mama yanapita kwenye kahawa. Kama hakuna mama wala moto, beba kahawa iliyokaangwa zaidi na kusagwa laini kidogo; hiyo inavumilia maji yasiyo na hasira.

Gesti, uliza kwanza kama birika la umeme linaruhusiwa chumbani, maana nyaya nyingine ni za kuonea huruma. Mimi natoka nje barazani. Newala nina babu yangu wa kahawa, si wa damu, anakaa na dele lake na vikombe kwenye ndoo ya maji, bao likichezwa pembeni. Mara ya kwanza kuniona nasukuma:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hicho unachopampu, baiskeli imeishiwa upepo?"

Nikampa aonje. Akanyamaza kidogo, akafuta midomo.

"Kali. Ila ndogo, mwanangu. Hapa tutaongea dakika mbili tukimbiane."

Tangu hapo napata kashata kwake na yeye anapata funda langu. Espreso na kashata ya nazi, kwa taarifa yako, ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa ndege: cha betri kisiende kwenye begi la mzigo, kibebe mkononi, na soma ubavuni uwezo wa betri yake, kwa kawaida hadi Wh 100 (saa-wati) hupita bila kibali. Kausha tangi kabla ya ukaguzi.

Kusafisha

Tupa machicha palepale, usiyalaze. Yakilala na joto letu hili, asubuhi yana ukungu na harufu haitoki kwenye plastiki. Suuza kichujio, kisha sukuma tangi moja la maji safi ya moto bila kahawa. Sabuni kidogo mara mojamoja kwenye kichujio na kikombe, isiingie kwenye pampu. Maziwa kwenye tangi kamwe, hata kama binamu yako ameona mahali wanafanya.

Kwa ukoko mweupe unaoachwa na maji, kamua ndimu moja kwenye maji ya moto, chuja nyuzi zake vizuri, sukuma nusu, acha robo saa, sukuma yaliyobaki, kisha suuza matangi mawili. Nafanya hivyo msimu ukiisha na kila nikitumia maji ya kisima. Acha vipande wazi usiku kucha vikauke kabla ya kuvirudisha kwenye mfuko. Hewa ya bahari inakula springi na skrubu polepole bila kukuambia.

Kinachokufa mapema kuliko vyote ni pete ya mpira. Ikianza kukauka utaona maji yanachuruzika kwenye uzi hata ukifunga kwa nguvu zote. Usizidishe nguvu, utapasua plastiki. Siku unaagiza mashine, agiza na pete mbili za ziada palepale, maana Mtwara huzipati dukani, na pete ya pampu ya maji ya fundi baiskeli haiingii.