Simu ya kutoka Marekani: angalia hivi kabla hujatoa hela

Watu wanauliza simu ina kamera gani, GB ngapi, hawaulizi ilitengenezwa kwa ajili ya mtandao gani, na hilo ndo linaamua kama utapiga nayo huku kwetu Tanzania. Dada aliniletea moja toka Marekani, safi haina hata mchubuko, naweka laini inaandika SIM Not Supported, fundi kahangaika nayo siku mbili akanirudishia. Iliniuma sana.

Kwanza elewa watengenezaji wanafikiriaje. Zamani kuweka bendi zote za dunia (bendi ni masafa ya mawimbi ambayo mtandao unarushia) kwenye simu moja ilikuwa haiwezekani na hata leo ni gharama, kila bendi inataka sehemu zake ndani, inataka vipimo, inataka vibali, kwa hiyo wanaangalia nani atawauzia simu zao. Marekani wauzaji wakubwa ni mitandao yenyewe, wanawapa watu simu wanalipa kila mwezi, basi mtandao una sauti kubwa kwenye simu kuliko tunavyozoea huku. iPhone ya kwanza 2007, Apple walikubaliana na Cingular ambayo ndo ikawa AT&T, peke yake Marekani nzima, wakaenda na GSM (mfumo wa mtandao wa simu za kuweka laini) na EDGE (intaneti yake ya 2G), 3G haikuwemo, Steve Jobs bosi wa Apple alisema chipu za 3G zinakula chaji. GSM ilikuwa chaguo zuri maana ndo ilikuwa imeenea duniani. Verizon, mtandao mwingine wa Marekani, wao walikuwa CDMA, mfumo tofauti na GSM (wakubwa mtakumbuka CDMA ya TTCL), wakasubiri hadi Februari 2011 kupata iPhone 4 yao, na ile haina hata tundu la laini! Ukiuziwa hiyo hakuna fundi atakayekusaidia.

Sasa fanya hivi. Usiangalie jina la simu, angalia namba ya modeli. Kwenye iPhone ingia Settings, General, About, gusa pale Model Number mara moja, itabadilika ianze na A na tarakimu nne. iPhone 14 yenye A2649 ni ya Marekani, haina sehemu ya laini kabisa ni eSIM tu (laini isiyo na kadi, iko ndani ya simu), yenye A2882 ina sehemu ya laini, na ukiziweka mezani kwa mbele ni mapacha. Samsung angalia mwisho: Galaxy S21 SM-G991U ilitengenezewa mitandao ya Marekani, SM-G991B ni ya kimataifa. Kama ni ya eSIM tu, uliza mtandao wako kwanza kabla ya kulipa.

Ukishapata namba ingia tovuti ya GSMArena usome bendi. Kwa 4G tafuta bendi 3 ambayo ni 1800 MHz na bendi 20 ambayo ni 800 MHz. Simu za bei rahisi za Marekani zimejaa bendi 2, 4, 12, 66, huku hazikusaidii. Na usidanganyike ikishika vizuri mjini, inaweza kuwa inatumia 1800, ukienda kijijini ambako mnara uko mbali na 4G inayofika ni ile ya 800, maana masafa ya chini yanasafiri mbali, unabaki na 2G huku mwenzako pembeni anaangalia video.

Halafu lock, yaani simu kufungwa ikubali laini za mtandao mmoja tu. Kwenye iPhone, palepale kwenye About shuka chini mpaka Carrier Lock, lazima isome No SIM restrictions. Ikisoma tofauti, anayeweza kuifungua kihalali ni mtandao ulioiuza kule, na mara nyingi mpaka deni liishe. Wale wanaokuwekea R-SIM, kile kichipu chembamba kinachokaa chini ya laini, kinafanya kazi leo, kesho uki-update simu inagoma tena, usikubali.

Mwisho toa laini yako mwenyewe uweke, piga, pigiwa, zima wifi ufungue intaneti, yote hayo hela ikiwa bado mfukoni. Muuzaji akikataa laini yako isiingie, iache simu mezani uondoke.